Uliza Safari: Siku Tatu Napoli na Mfuko Mwepesi

SWALI: Mulembe ndugu. Binti ya dadangu ni sista na anaweka nadhiri za daima huko Roma mwezi wa tatu, familia tulifanya harambee tikiti ikapatikana, visa pia imetoka. Roma nitalala kwa masista. Sasa kabla ya kurudi niko na siku tatu za bure na euro 250 hivi, na kijana wangu ananiambia niende Napoli nione bahari ati ni mji wa bei nafuu. Ni ukweli ama ananichezea? Na nitalala wapi, mimi siwezi kulala chumba kimoja na vijana wa kubeba mabegi mgongoni.
— Mama Nekesa, Bungoma

JIBU: Mulembe muno mama. Kijana hajakudanganya. Hiyo pesa ni zaidi ya shilingi 35,000 na Napoli inaweza kukutosha vizuri, bora ukule ukiwa umesimama na utembee kwa miguu, halafu pesa ya maana uiweke kwa kitu kimoja tu. Wengi wanaoishiwa huko ni wale wanataka kila kitu kidogo kidogo.

Tuanze na treni. Kutoka Roma kuna ile ya kasi, saa moja na dakika kidogo umefika, lakini ukichelewa kununua tiketi inauma. Kuna nyingine wanaita regionale, hiyo ni pole pole, masaa mawili na nusu au tatu, bei yake haipandi hata ukinunua siku hiyo hiyo, euro kumi na kitu. Wewe hukimbizwi na mtu, panda hiyo. Lakini skiza, kama tiketi ni ya karatasi lazima uigonge kwa kale kamashini kako pale stesheni kabla upande, la sivyo kondakta anakupiga faini na hataki kusikia wewe ni mgeni.

Kulala, usihangaike na hosteli. Italia nyumba nyingi za watawa zinapokea wageni, chumba safi, kitanda chako peke yako, bei ya heshima, ila geti linafungwa usiku na hakuna kubembeleza. Mwambie huyo binti yako awaombe wenzake wapige simu Napoli mapema, sista akiongea na sista mambo yanaenda haraka kuliko wewe kubonyeza bonyeza kwa intaneti. Uliza pia kama kuna kodi ya mji, inalipwa kwa kila usiku na mara nyingi haiko kwa ile bei umeambiwa.

Chakula sasa, hapa ndio Napoli inashinda miji mingine yote ya huko, kwa maoni yangu. Pizza ya kukunja mara nne wanaita a portafoglio, unauziwa dirishani kwa euro mbili tatu na unakula ukitembea. Kuna cuoppo, karatasi imekunjwa ikajazwa vitu vya kukaanga, ukipata yenye samaki wadogo wanaitwa alici utadhani uko Dunga, kule ziwani Kisumu, na omena yako moto. Kahawa kunywa pale kaunta, ukikaa mezani bei inaweza kupanda, na kwa mikahawa mingi kuna coperto, yaani unalipia tu kuketi hata kabla ya kuagiza. Si wizi, imeandikwa kwa menyu.

Kile kitu kimoja cha kulipia, mimi ningesema Pompei. Ule mji ulifunikwa na majivu ya mlima Vesuvio mwaka 79, na leo unatembea kwa barabara zao, unaona oveni za mikate, unaona mpaka vibanda vya kuuza chakula vyenye matungi yamejengewa kwa kaunta. Kiingilio ni karibu euro 20, na Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure (foleni nayo!). Panda treni ya Circumvesuviana hapo stesheni ya Garibaldi, ushuke Pompei Scavi, sio Pompei mjini. Beba chupa, ndani kuna maji ya mfereji, na vaa viatu vya shamba maana mawe ni makubwa na hayako sawa.

Capri, kile kisiwa, achana nayo safari hii. Boti peke yake kwenda na kurudi inapita euro 40 na hujakunywa hata maji. Bahari iko hapo hapo kwa lungomare, yaani barabara ya kando ya bahari, bure, na mlima unauona ukiwa umekaa kwa ukuta.

SWALI: Mkubwa, mimi ni shabiki sugu wa mpira, nataka kuenda Napoli mwezi wa nane kuona mambo ya Maradona. Bajeti ni ya mwanafunzi.
— Kijana wa Section 58, Nakuru

JIBU: Mwezi wa nane hapana. Joto ni la kuchoma, na karibu na tarehe 15 kuna sikukuu yao ya Ferragosto, vibanda vingi vya bei yetu vinafungwa wenyewe wakiwa ufukweni. Nenda mwezi wa pili au wa tatu, beba sweta, ligi bado inachezwa. Ule mchoro mkubwa wa Maradona uko mtaa wa Quartieri Spagnoli na kuuona ni bure. Alichezea timu ya Napoli 1984 hadi 1991, akawapa ubingwa wa ligi 1987 na 1990, halafu wakangoja mpaka 2023, kwa hivyo ukiingia hizo vichochoro na jezi ya Juventus shauri yako.

SWALI: Ni kweli kuna wezi sana?
— Achieng', Kisumu

JIBU: Wa mfukoni wako, hasa stesheni ya Garibaldi na ndani ya Circumvesuviana ikijaa. Simu usiweke mfuko wa nyuma, pasi acha pale unalala na utembee na kopi. Teksi nayo, kabla mlango ufungwe sema tariffa predeterminata, hiyo ni bei iliyopangwa na mji. Ukitoka uwanja wa ndege basi la Alibus ni euro 5 mpaka stesheni.