Kabla hujapeleka hati ya madai masjala

Kesi nyingi za madai hufia kwenye karatasi, shahidi hata mmoja hajapanda kizimbani. Kwa hiyo nyinyi mnaoanza kusaidia watu kufungua mashauri Unguja na Pemba, anzeni kwa kuitupa ile sampuli mliyoitoa kwenye intaneti. Nyingi ni za Bara, kichwani zimeandikwa Sura ya 33, yaani sheria ya huko. Sheria ya mwenendo wa madai ya Zanzibar ni Sura ya 8, na ukomo wa muda, yaani mwisho wa kufungua kesi, umo kwenye Sura ya 12. Tunakutana na wenzetu kule juu, Mahakama ya Rufani.

Kisha tafuteni mlango. Shauri hufunguliwa mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye uwezo wa kulisikiliza, na uwezo huo hupimwa kwa thamani ya madai. Viwango hubadilika, muulizeni karani wa masjala kabla ya kupiga chapa. Mgogoro wa ardhi una Mahakama yake ya Ardhi, chini ya Sheria Na. 7 ya 1994. Ndoa na talaka za Waislamu ni za Kadhi. Anayempelekea hakimu wa wilaya ugomvi wa mpaka wa kiwanja atapokelewa vizuri, halafu baada ya miezi ataambiwa kapotea njia.

Hati yenyewe ndiyo kazi. Itaje mahakama, majina na makaazi ya mdai na mdaiwa, kilichotokea na lini, kwa nini mahakama hiyo ina uwezo, thamani ya madai, na nafuu inayoombwa, yaani kile mdai anachotaka mahakama iamuru. Panapoharibika zaidi ni kwenye kilichotokea. Mtu huandika: "Mdaiwa amenidhulumu pesa zangu za mashine na hana imani." Hayo ni ya barazani. Andika hivi: "Tarehe 14 Machi 2023, Mkokotoni, mdai alimuuzia mdaiwa mashine ya boti kwa shilingi 4,800,000. Mdaiwa alilipa 1,500,000 siku hiyo na kuahidi kumaliza 3,300,000 ifikapo tarehe 30 Juni 2023. Hakulipa." Sasa hakimu anaona makubaliano, kilichovunjwa, na kwamba muda wa ukomo unahesabiwa tangu ahadi ilipovunjwa, wala si tangu siku ya kuuziana.

Dai lako liwe zima. Ukidai 3,000,000 ukaacha 300,000 za mashine ileile, hutaruhusiwa kurudi kuzidai kwa kesi nyingine. Na marehemu hashitaki wala hashitakiwi: deni la baba lisimamiwe na mwenye mamlaka ya mirathi, asiwe tu mtoto mkubwa aliyeshika risiti.

Chini kabisa kuna uthibitisho. Wengi husaini bila kuusoma. Hapo mdai anasema aya zipi anazijua mwenyewe na zipi kaambiwa na anaziamini, kisha anaweka saini, tarehe na mahali. Toa nakala ya mahakama na ya kila mdaiwa, pamoja na vielelezo. Lipa ada, risiti usiiache kwa karani.

Samansi, yaani wito wa mahakama kwa mdaiwa, huchelewa kwa sababu ya anwani. "Anakaa Wete" haimsaidii mtu. Taja shehia, alama ya karibu na jina analojulikana nalo mtaani. Sheha mara nyingi humjua kwa jina hilo tu.

Siku ya kesi, fika. Mkikosekana nyote wawili shauri hufutwa, lakini mdai anaweza kulifungua upya kama muda haujapita. Akikosekana mdai peke yake, mdaiwa yupo na anakana dai, shauri hufutwa na mlango wa kesi mpya kwa sababu ileile hufungwa. Linalobaki ni kuomba lirejeshwe, kwa sababu ya maana: cheti cha hospitali, au uthibitisho kwamba boti ya Pemba haikuondoka siku ile. Mdaiwa aliyepokea samansi asipotokea, mdai aombe kusikilizwa upande mmoja, na aje na mashahidi wake, maana bado anatakiwa kuthibitisha.

Hukumu ikitoka, pesa haziji zenyewe. Mshindi hupeleka maombi ya kukazia hukumu, yaani itekelezwe, akitaja mali ya mdaiwa anayoijua na ilipo. Basi ile boti yenye mashine, jua mapema inafungwa bandari gani.