Mleta mada, usilipe hiyo video Jumamosi. Mimi nilishaimba kitimoto harusini

Simama hapohapo. Hiyo laki sita irudishe mfukoni kabla sijamaliza kuandika.

Nimesoma maelezo yako mara mbili. Umerekodi ngoma chumbani kwako Nyakato, umeitupa kwenye grupu la WhatsApp la wasanii chipukizi, watu zaidi ya thelathini wamejibu "moto", mwenye grupu kakutafutia dairekta, mnapiga video Jumamosi. Sasa unatuuliza ununue maiki gani, uanzie BASATA, wale wa baraza la sanaa, au COSOTA wa hakimiliki, na ufanyeje redio za hapa Mwanza zikupige. Maswali mazuri tu. Ila umenikumbusha mtu anayechagua rangi ya kupaka mtumbwi huku maji yameshamfika kiunoni.

Nisamehe kama naandika kwa hasira. Kuna mstari wako umenichoma: "wadau wote wameikubali." Hata mimi walinikubali. Walinikubali mpaka nikabaki na shilingi elfu nne.

Wakati huo nauza kava na chaja za simu Makoroboi, nimepanga meza chini, akiba yangu naikusanya nichukue fremu ya duka. Usiku naimba. Nina kompyuta ya mkono wa tatu, FL Studio, programu ya kutengenezea muziki (niliipataje usiulize), maiki ya kuazima, na chumba Mabatini chenye bati juu na saruji chini, ukipiga chafya chumba kinakuitikia. Nikatunga wimbo wa mapenzi. Kiitikio chake kwa maandishi ni hiki:

Moyoni nimekuwekea kiti,
moto wa penzi hauzimiki.

Umeona tatizo? Hujaliona. Mimi sikuliona miezi minne. Sasa kiimbe harakaharaka bila kupumua, na biti inakusukuma kwa nyuma.

Moyoni nimekuwekea kitimoto.

Nyama ya nguruwe hiyo, kwa asiyejua jina lake la mtaani. Cheka, nimeshalipia.

Ngoja nikueleze ilivyotokea, maana siyo bahati mbaya, ni kazi ya watu watatu, mimi nikiwa wa kwanza. Kiswahili mkazo wake unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Ukisema "kiti" uzito uko kwenye KI. Ukisema "moto" uko kwenye MO. Ukisema "kitimoto" uzito unahamia MO, ile KI inalegea. Mimi kwa utundu wangu niliipanga melodi ili kiki ya biti, ule mdundo mzito, idondoke palepale kwenye MO, kwa sababu ilinoga. Kwa hiyo KI imeshalegea. Nikampelekea prodyuza mmoja anifanyie miksi, yaani achanganye sauti na biti. Naye akakata pumzi zote katikati ya maneno, eti sauti iwe safi. Ile pumzi ndogo baada ya "kiti" ndiyo ilikuwa koma yangu! Kaifuta. Juu yake akaweka Auto-Tune, nami nikapagawa, nikajiona nimefika. Huyo Andy Hildebrand aliyeileta Auto-Tune mwaka 1997 alitokea kwenye kazi za kutafuta mafuta ardhini kwa mawimbi ya sauti. Mashine yake inakunyooshea noti, haijui kwamba kiti ni cha kukalia.

Halafu akanirudishia wimbo una sauti kubwa kuliko nilioupeleka. Sauti ikiwa kubwa kila kitu kinaonekana kizuri zaidi. Nikalipa.

Nikapeleka grupuni. Na hapa ndipo wewe ulipo leo, kwa hiyo soma polepole. Mimi sikutuma wimbo mtupu, nilituma na mashairi chini yake, nimeyapanga vizuri, nikaweka na koma. Watu arobaini wakasoma "kiti" kwanza, wakasikiliza baadaye. Sikio ni mvivu, likishapewa jibu halifanyi hesabu. Wale waliosikia vingine walinyamaza, kwa sababu grupu lile lilikuwa upatu wa sifa. Wiki hii mnamchangia huyu moto, wiki ijayo zamu yako inafika. Atakayesema ukweli anaonekana kala zamu yake halafu kagoma kuchangia wenzake. Mimi mwenyewe niliwahi kumwandikia dogo mmoja "hii inaenda mbali" na wimbo wake nilikuwa sijaufungua. Ndiyo. Nilikuwa namhudumia mteja.

Mwenye grupu sasa. Huyu bwana anajiita mlezi wa vipaji. Alinipigia simu usiku, maneno yake nayakumbuka mpaka leo: "Dogo, hii imeiva, usiguse hata koma." KOMA, ndugu zangu! Kati ya vitu vyote duniani alivyoweza kuvitaja. Kesho yake kaniletea dairekta. Baadaye sana ndiyo nikajua kwenye ile hela ya video alikuwa na cha juu chake. Sasa mtu ambaye anakula pale tu video inapopigwa, atakuambia saa ngapi kwamba wimbo haujaiva? Wa kwako naye kakutafutia dairekta, siyo? Nauliza tu.

Hesabu hii hapa. Studio 80,000. Miksi 70,000. Video 650,000. Mtumbwi 60,000. Dada wa kwenye video 50,000. Chakula cha watu wote, sato wa kukaanga na ugali, 45,000. Na kiti 40,000. Ndiyo, nilikodi kiti. Vile vya maharusi vyenye dhahabu ya kupaka. Tukakipandisha juu ya mawe, Jiwe la Bismarck linaonekana kule nyuma kama kwenye kila video iliyowahi kupigwa Mwanza, dada kakaa, mimi nazunguka kiti nimenyoosha mikono. Jumla 995,000. Bado elfu tano ifike milioni, na fremu yangu ikaenda na maji.

Kinachoniuma kuliko yote ni yule mzee wa mtumbwi. Ameusikia wimbo mara sita au saba maana dairekta anarudiarudia, spika iko palepale miguuni kwake. Tunapumzika, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hili ni tangazo la baa?" Nikacheka nikijua ananitania. Mdau pekee aliyeniambia ukweli siku ile nilikuwa nimemlipa apige kasia.

Video ikatoka. Ndugu na jamaa wakatazama. Wiki mbili baadaye rafiki yangu wa Makoroboi anaoa Igoma, akaniomba niimbe nyumbani kwa bibi harusi baada ya chakula. Rafiki yangu ni Muislamu, wageni wote pale ni Waislamu. Nimevaa suti ya kuazima. Ubeti wa kwanza watu wanatikisa vichwa, mambo mazuri. Nikaingia kwenye kiitikio kwa nguvu zangu zote, mkono kifuani.

Vijiko vikasimama. Kuna mama alikuwa anampepea mtoto akaacha kupepea. Watoto ndio walioanza kucheka, maana watoto hawana upatu na mtu. Na mimi, kwa kuwa sikuelewa, nikadhani hawajanisikia vizuri, nikarudia kiitikio mara ya pili, kwa sauti zaidi. Kaka yake bibi harusi akaja taratibu, akanishika bega, akachukua maiki, akasema, "Ndugu yetu tunakushukuru. Hapa lakini tumekula pilau ya kuku."

Niliondoka kwa mlango wa jikoni. Niliomba radhi kwa wazee wa pande zote mbili na walinisamehe, watu waungwana sana, ila mpaka leo nikipita Igoma kuna bodaboda ananiuliza kilo shilingi ngapi.

Mtangazaji mmoja aliupiga wimbo mara moja. Ujumbe ulioingia ukasomwa hewani: "naomba mrudie ule wa kitimoto." Ndiyo historia yangu yote ya redio hiyo, kwa hiyo kwenye lile swali lako la redio mshauri wako siyo mimi.

Nikarudi grupuni nimefura, nauliza kwa nini hakuna aliyesema. Kimya. Mmoja akanifuata inboksi akakiri: "Bro tulisikia siku ya kwanza. Kuna grupu lingine bila wewe." Walikuwa na grupu zima la kunicheka, wakitoka kule wanakuja huku kuniandikia moto. Nadhani nusu yao walikuwa wanaandika jina la wimbo.

Sasa sheria yangu, hii moja tu. Usimuulize mtu yeyote kama wimbo ni mzuri. Mpe ausikilize mara moja, bila mashairi, bila jina la wimbo, bila kumwambia ni wako, halafu akuandikie kiitikio alivyokisikia. Basi. Usimtetee wimbo, usimkumbushe, usimwimbie. Alichoandika ndicho ulichoimba, hata kama wewe uliimba kingine. Na awe mtu asiyekudai kitu wala usiyemdai: siyo mama yako, siyo mpenzi wako, siyo msanii mwenzako anayesubiri zamu.

Wimbo uliofuata niliupeleka kivuko cha Kamanga. Hii ilikuwa kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, kivuko kinajaa, na uzuri wa kivuko ni kwamba mtu hana pa kukimbilia. Nikawa napiga kwa spika ya simu ya kawaida, siyo hedifoni. Spika ndogo ya simu besi nzito haiwezi, kwa hiyo yale mapambo yote uliyolipia yanazama, yanabaki maneno, uchi kabisa. Nilikuwa nimeimba "penzi letu la ziwani". Dada mmoja mwenye ndoo ya dagaa akasikiliza, akaniuliza, "Kwa nini penzi liko zizini? Nyie wafugaji?"

Ile ilikuwa mwangwi wa chumba changu, bati na saruji, vinakula W yote. Nikarudi nyumbani, nikasimamisha godoro nyuma yangu, nikatundika blanketi mbili kwenye kamba ya nguo, nikarudia mstari ule peke yake. Gharama yake sifuri. Safari iliyofuata nikawapa watu watatu. Wawili wakaandika "ziwani". Wa tatu akasema haandiki kitu, akauliza kama ni wimbo wa kwaya. Nikakubali, sauti yangu ndivyo ilivyo.

Ukitaka kutuma kwa WhatsApp, tuma kama faili. Usiweke simu mbele ya spika ukarekodi ujumbe wa sauti, unatuma uji.

Najua utasema wako hauna maneno ya hivyo. Kila mtu anasema. Tena tunaoimba mapenzi kwa Kiswahili ndio tuko hatarini zaidi, maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, yanashikana mikono ukiyaharakisha kidogo tu, na wewe uliyetunga ndiye wa mwisho kusikia kwa sababu kichwani mwako koma ipo muda wote.

COSOTA ipo kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, haitakimbia wiki hii. Ukienda sasa hivi utakachosajili ni kitimoto chako kiwe mali yako kihalali. Kuhusu maiki, uliuliza ya bei gani? Hata uwe na ya milioni mbili, kama baada ya neno hakuna pumzi, itachukua kitimoto kwa ubora wa hali ya juu kabisa.

Mashairi uliyobandika kwenye mada yako nimeyaruka makusudi, sijasoma hata neno. Nitumie wimbo inboksi leo usiku, faili tupu, usiandike jina lake. Nitausikiliza mara moja kwenye simu, nikuandikie kiitikio. Na huyo dairekta mwambie Jumamosi una msiba.