Muulize Shangazi wa Nyuki: Asali yangu inatoa povu

*Shangazi, shikamoo. Huu ni mwaka wangu wa pili kufuga nyuki. Mwezi uliopita, maua yalipoanza kwisha, nilirina mzinga wangu nikapata ndoo nzima. Masega mengine yalikuwa yamezibwa kwa nta, mengine yako wazi, lakini nilipoonja yote ni matamu, nikayakamua pamoja. Sasa asali ina povu juu, na nikifungua kifuniko inanukia kama pombe. Niimwage? Nyuki wamebakiwa na masega manne. Niyarine nayo kabla baridi haijaingia? Halafu nimechuma matunda pori mengi, natamani kuyapikia jamu kwa asali badala ya sukari. Nina mtoto wa miezi minane, ningependa naye aionje.*
*Mfugaji mchanga*

Marahaba, mwanangu. Usiimwage.

Asali yako imechacha, na chanzo ni yale masega ya wazi. Mbochi, yale maji matamu ya maua, huingia mzingani ikiwa nyepesi sana. Mara nyingi zaidi ya nusu yake ni maji. Nyuki huinyonya na kuitema tone kwa tone, huku wenzao wakipiga mbawa kuikausha. Usiku wa msimu mzuri hebu inama mlangoni pa mzinga: utasikia mvumo mzito usiokatika, na hewa ya joto yenye harufu ya asali itakupiga usoni. Hiyo ndiyo kazi ya kukausha. Wanaendelea hivyo mpaka maji yabaki asilimia 18 hivi au pungufu, ndipo wanaziba kwa nta. Chachu haikosekani katika asali, ila kwenye asali mbivu sukari imeizidi nguvu, haifurukuti. Maji yakipita asilimia 20, inapata nafasi. Utamu peke yake haukwambii kitu, kwa sababu hata asali mbichi ni tamu.

Siku nyingine chukua sega lililozibwa robo tatu au zaidi. Kama ni la fremu, yaani limejengwa ndani ya kiunzi cha mbao, na una wasiwasi, lilaze juu ya mzinga ulio wazi, ulitikise mara moja kwa nguvu. Likidondosha matone, lirudishe, wape nyuki siku kadhaa. Rina siku kavu, na ukimaliza tu funika ndoo, maana asali hunyonya unyevu wa hewani. Sega moja bichi linatosha kuharibu ndoo nzima. Ukipata rifraktomita ya asali, kifaa kidogo cha kupimia maji yaliyomo ndani ya asali, inunue. Tone moja juu ya kioo na jibu unalo.

Hiyo ndoo sasa: usiifunge kwa kukaza, kwa sababu hewa inayotengenezwa na chachu inaweza kupasua chombo. Itumie jikoni kwenye vitu vya kupikwa. Usiwarudishie nyuki, hasa baridi ikikaribia. Asali iliyochacha huwaharisha, nao wakati huo hawawezi kutoka nje ya mzinga.

Swali lako la masega manne ndilo lililonifanya niweke barua nyingine kando nianze na yako. Tafadhali usiyaguse. Miaka ya mwanzo nami nilirina kila nilichokiona, nikijiambia kwamba maua yatarudi. Baridi ilipokwisha nilifungua mzinga ule, kimya. Nyuki walikuwa wamekufa wakiwa wameshikamana, mamia yao wameingiza vichwa ndani ya vitundu vya masega, mikia tu imebaki nje. Hivyo ndivyo nyuki wanavyokufa kwa njaa: wanaingia hadi mwisho wa kitundu kutafuta tone la mwisho. Nilikuwa na mitungi ya asali yao kabatini, na kwa muda mrefu sikuweza kuifungua.

Wakati wa baridi nyuki hawalali. Hujikusanya kama mpira, malkia katikati, wakitetemesha misuli ya mbawa ili wapate joto, na joto hilo linatoka kwenye asali. Mahali penye baridi kali na ndefu kundi moja huhitaji kilo 20 na zaidi. Inua mzinga kidogo kwa nyuma upime uzito kwa mkono. Baada ya misimu miwili mitatu mkono wako utajua. Ukiwa mwepesi, wape sharubati nzito, sukari kilo mbili kwa maji lita moja, kabla baridi haijakaza. Wape jioni, usimwage tone nje, na punguza mlango wa mzinga. Maua yakiisha nyuki wa jirani huja kuiba, na kundi dogo haliwezi kujilinda.

Jamu inawezekana. Asali ni tamu kuliko sukari, kwa hiyo palipotakiwa kikombe cha sukari anza na robo tatu. Pika kwa moto mdogo, koroga bila kuondoka, kwani asali huungua upesi, na kamulia limau ili ishike vizuri. Haitakuwa nzito kama ya sukari, wala haitadumu sana. Iweke kwenye friji, uile mapema. Lakini kabla ya yote, mwaga matunda mezani uyapitie moja moja. Lolote usiloweza kulitaja jina bila kusita, litoe, hata kama linafanana na lile unalolijua. Hapo sina msamaha.

Mtoto asionje, si asali wala jamu hiyo. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa sumu ya botulizimu, na tumbo la mtoto wa chini ya mwaka mmoja haliwezi kuzizuia. Kuchemsha jikoni hakuziui. Msubirie afikishe miezi 12, na kufikia hapo huenda hayo masega manne yatakuwa yamekuzalia mengine.