Maswali ya Wasomaji: Mbona wanaohifadhi mazingira wanakata vichaka?

SWALI: Mhariri, salamu nyingi. Mimi ni mwanafunzi kutoka Tanga, na huu ni mwaka wangu wa kwanza katika mji wa Brighton, kusini mwa Uingereza. Jumapili moja ya mwezi wa Oktoba nilipanda basi hadi kwenye vilima vya South Downs, nikakuta watu wapatao 15, wazee kwa vijana, wakikata vichaka kwa misumeno na kuvichoma moto. Nilipowauliza waliniambia kwamba wanajitolea, na kwamba kazi yao ni kuhifadhi mazingira. Mimi nimelelewa kuamini kwamba mhifadhi hupanda mti, hakati. Naomba unieleze wanafanya nini hasa, kwa nini wanangoja majira ya baridi, na kama mgeni kama mimi anaweza kujiunga nao bila kuvunja masharti ya viza.

JIBU: Ndugu msomaji, mshangao wako ninauelewa, kwa kuwa nilikuwa nao mimi mwenyewe kabla sijapewa msumeno na kuoneshwa kichaka changu cha kwanza. Tuanze na kilima chenyewe. South Downs, eneo lililofanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2010, limekaa juu ya mwamba wa chaki, na udongo wake ni mwembamba na hauna rutuba nyingi. Mkulima angeuita udongo huo maskini, lakini umaskini huo ndio utajiri wake. Mahali penye rutuba tele, nyasi chache zenye nguvu hurefuka na kuifunika mimea mingine yote, ilhali kwenye chaki hakuna mmea unaopata nguvu za kumsonga jirani yake. Karne kwa karne kondoo wamelishwa pale na kuziacha nyasi zikiwa fupi kama zulia, na katika mita moja tu ya mraba ya zulia hilo huweza kupatikana hadi aina 40 za mimea.

Rudi pale mwezi wa Julai, upige magoti, utazame. Utaona mmea mdogo wa jamii ya kunde wenye maua ya manjano, unaotambaa chini kabisa. Yupo kipepeo wa rangi ya samawati iliyofifia, aitwaye chalkhill blue, ambaye kiwavi wake hali kitu kingine chochote isipokuwa majani ya mmea huo. Kiwavi hutoa majimaji matamu, sisimizi huyafuata, na kwa kuyafuata humlinda dhidi ya maadui. Ukiota juu yake mti wa kivuli, mmea unadhoofika. Mmea ukitoweka, kipepeo hana pa kwenda.

Vichaka ulivyoviona havikuwa vingi hivyo zamani. Mwaka 1953 ugonjwa wa sungura uitwao miksomatosisi uliingia Uingereza, na katika miaka michache ukaua zaidi ya sungura 9 kati ya kila 10. Wakati huohuo wafugaji wengi walikuwa wameacha kupeleka kondoo kwenye miteremko mikali. Walaji hawa wawili wa nyasi walipotoweka, miti ya miiba ilichukua nafasi, na maua yakaanza kupungua. Ndiyo maana kikosi cha kwanza cha watu wa kujitolea, Conservation Corps, kilichoanzishwa mwaka 1959, kilipelekwa Box Hill katika jimbo la Surrey, si kupanda miti, bali kufyeka vichaka vya dogwood ili mireteni (juniper) na maua ya chaki vipate mwanga. Mmoja wa waliofyeka alikuwa David Bellamy, ambaye baadaye Waingereza walimjua kama mtaalamu wa mimea wa kwenye televisheni. Kikosi hicho ndicho kilichokua na kubadilishwa jina zaidi ya mara moja, na leo kinaitwa The Conservation Volunteers.

Usidhani kwamba ninapinga upandaji wa miti. Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, alianza na ardhi iliyovuliwa miti, na dawa ya ardhi hiyo ilikuwa mche. Lakini mwulize mfugaji wa Baringo kuhusu mathenge, mti wa miiba ulioletwa kwa nia njema ukageuka kero ya malisho, naye atakwambia kwamba kuna mahali ambapo kuitunza ardhi ni kukata. Tofauti iliyopo ni kwamba mathenge ni mgeni, na vichaka vya South Downs ni wenyeji wenye haki yao ya kuishi. Kwa sababu hiyo havimalizwi. Kiongozi mwenye ujuzi huacha vipande vya vichaka hapa na pale kwa ajili ya ndege, na huwaeleza watu wake mapema ni kipi kinakatwa na kipi kinabaki.

Sasa nije kwenye majira. Sisi tukitamka neno vuli tunaona mvua fupi na mbegu ikitiwa ardhini. Kule Uingereza vuli ni majira ya mapukutiko, ambapo uhai unajikunja na kurudi mizizini. Huo ndio mlango wa kazi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kwa makusudi kiota cha ndege kinachotumika au kinachojengwa, na wakulima wa England hawaruhusiwi kukata nyua za miti kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Agosti. Ifikapo Septemba makinda yamesharuka na maua yameshaangusha mbegu. Kwanza hukatwa nyasi za malisho yenye maua, kisha hukusanywa zote kwa reki na kuondolewa. Wageni wengi huuliza kwa nini zisiachwe zikaoza, na jibu ni lilelile la rutuba: zikioza pale, udongo unanona, na maua yanasongwa. Hata moto uliouona huwashwa mahali pamoja, mara nyingi juu ya mabati yaliyoinuliwa, ili majivu yaweze kuzolewa. Na lundo la matawi lililolala usiku kucha haliwashwi kabla ya kupekuliwa au kuhamishwa, kwa sababu huenda kalunguyeye ameingia humo kutafuta kitanda cha miezi ya baridi.

Kazi ninayoipenda kuliko zote, nawe ukibahatika utaiona kuanzia Oktoba, ni kulaza ua, yaani uzio wa miti. Mashamba mengi ya Uingereza yametenganishwa kwa nyua za miti hai, kama zetu za michongoma, na mti ukiachwa urefuke, chini hubaki mianya ambayo kondoo hupenya. Mlazaji huchukua panga fupi lenye ncha iliyopinda, akalikata shina kwa mshazari karibu na ardhi mpaka libakiwe na gome na ukanda mwembamba tu wa mti, kisha akaliinamisha polepole juu ya mwenzake. Mara ya kwanza niliposikia shina likilia namna ile nilidhani nimeliua. Kiongozi wangu, bibi wa miaka zaidi ya 70, alinishika mkono akaniambia ningoje Aprili. Hupigiliwa vigingi kila baada ya sentimita 45 hivi, na juu yake husukwa fito nyembamba za mhezeli kama mtu asukaye ukili. Nilirudi Aprili. Kutoka kwenye kila jeraha yalikuwa yametoka machipukizi yaliyosimama wima, mengi kuliko nilivyoweza kuyahesabu. Ni siri ileile ya mkaratusi wa Lushoto, ambao ukiukata kisiki chake huchipua upya.

Kuhusu viza, nakuomba uwe makini. Masharti ya viza ya mwanafunzi hutofautisha mambo mawili ambayo kwa Kiswahili sote tungeyaita kujitolea. La kwanza ni kusaidia bila mkataba, bila ujira isipokuwa kurudishiwa nauli au gharama kama hiyo, na bila kuchukua nafasi ya mwajiriwa, hilo linaruhusiwa. La pili ni kazi isiyo na malipo lakini yenye wajibu wa kimkataba, kama vile kufika siku na saa zilizopangwa. Hilo huhesabiwa ndani ya saa za kazi unazoruhusiwa kwa wiki. Kikundi cha Jumapili kama ulichokikuta kwa kawaida huwa upande wa kwanza, lakini uliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako kabla ya kuandikisha jina, na uhifadhi jibu lao kwa maandishi.

Ukienda, vaa gambuti au viatu vigumu, nguo kuukuu za tabaka tabaka, na uhakikishe chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati. Glavu na vifaa utapewa. Msumeno wa injini usiuguse, wala dawa ya kupaka visikini, kwa kuwa vyote hushikwa na wenye cheti. Jioni kagua miguu yako na nyuma ya magoti, maana kupe wa nyasini huweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Kazi huanza kama saa nne asubuhi na haivuki sana saa tisa alasiri, kwani mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja. Katikati yake kuna chai, nayo huheshimiwa. Ukitulia na kikombe chako, ndege mdogo mwenye kifua chekundu atatua hatua mbili kutoka ulipo, akiokota wadudu katika udongo ulioutibua.

SWALI: Mimi ni baba wa miaka 63, niko Reading, na mgongo wangu hauniruhusu kuinua vitu vizito. Daktari amenishauri nitembee na nifanye kazi nyepesi. Je, vikundi hivi vina nafasi kwa mtu kama mimi, au nitakuwa mzigo kwao?

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Nafasi ipo, na wala huko mbali na chimbuko lake. Mwaka 1998, katika kijiji cha Sonning Common, mkoani Oxfordshire, kaskazini tu mwa Reading, daktari William Bird alishirikiana na shirika hilohilo nililolitaja, ambalo leo linaitwa The Conservation Volunteers, kuanzisha mpango wa Green Gym, ambapo watu huja kufanya kazi za hifadhi kwa ajili ya afya zao. Kabla ya kuanza hunyoosha viungo, na kila mtu huchagua kazi inayolingana na mwili wake.

Mwambie kiongozi habari za mgongo wako kabla ya siku ya kwanza, usingoje uulizwe. Omba kukusanya nyasi kwa reki yenye mpini mrefu usiokulazimisha kuinama, au kukata fito ndogo kwa mkasi wa bustani ukiwa umesimama. Kuburuta matawi waachie vijana. Uliza pia kama kuna choo karibu na umbali wa kutoka maegesho hadi mahali pa kazi, kwa sababu mara nyingi kinachowachosha watu wa rika lako ni mwendo wa kupanda kilima kabla kazi haijaanza.