Jibu: Hofu ya askari haionekani kwenye shairi langu

Mdogo wangu wa Iringa, umesema shairi lako la askari wa Zelewski, kamanda Mjerumani aliyeshambuliwa na Wahehe kule Lugalo, 17 Agosti 1891, mwalimu amelirudisha: eti linasifu tu, hofu haipo. Yuko sahihi. "Aliogopa sana" umeiandika mara tatu, futa zote. Hofu ikae mwilini: ulimi mkavu, kidole kisichokiona kifyatulio, sikio linalosikia nyasi zikichakarika kabla mkuki haujafika.

Halafu mizani, yaani hesabu ya silabi. Anza nane kwa nane, mwendo wa gwaride, kisha Wahehe wanapoibuka mstari ukatike katikati. Walinzi wa arudhi, kanuni za ushairi, watanuna. Wanune tu.

Kuvunjika moyo nako kuache kwenye kibwagizo. Beti za mwanzo ziimbe:

Bendera yatupa nguvu, twendeni mbele wenzangu

Ubeti wa mwisho ugeuze maneno machache:

Bendera yatupa nini, twaenda wapi wenzangu?

Usimwongezee askari wako hotuba ya kuwalaani Wajerumani. Baadhi ya askari wale walikuwa Wasudani, walioletwa kuja kufia Uhehe. Swali hilo linamtosha. Na jina la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, litokee mara moja tu, maana likizidi utarudi kwenye sifa.