Bango la uwanja halipimwi kwenye kompyuta

"Shikamoo kaka. Nimepewa kazi ya grafiki za uwanja wa besiboli wa ligi ndogo. Nianzie wapi?" Ameniandikia kijana mmoja anayesoma dizaini huko Iowa. Marahaba mdogo wangu. Najua wengi mnaonisoma mnaitamani kazi kama hii, kwa hiyo najibu hadharani.

Ligi ndogo za Marekani zilipangwa upya mwaka 2021 zikabaki na timu 120, nyingi zikiwa kwenye miji ya kawaida. Huko ndiko sisi wageni tunakopenya. Uwanja nilioumaliza karibuni una mabango yangu ukuta mzima, na skrini juu yake. Nikipita na gari napunguza mwendo niutazame. Umependeza, na sioni haya kusema.

Sasa, mtazamaji yuko mbali. Kutoka alipo mpigaji hadi ukuta wa katikati ni kama mita 120. Wachora mabango huhesabu sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali, kwa hiyo pale unahitaji herufi ya mita nzima. Meneja wa mauzo atakuletea wadhamini tele, na namba zao za simu juu. Kataa. Mimi nilikataa, akanuna wiki nzima, na leo ndiye anayewatembeza wageni kuuonyesha ukuta.

DPI 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, waachie wa vitabu. Bango la mita 10 kwa kiwango hicho ni pikseli zaidi ya 118,000 kwa upana, wakati faili la kawaida la Photoshop linakomea 30,000. DPI 50 inatosha, nembo ziwe vekta, yaani michoro isiyopoteza ukali hata ikikuzwa. Skrini ndiyo kichekesho kabisa: ya mita 12, ikiwa taa zake zimeachana milimita 10, ina pikseli 1,200 tu kwa upana. Simu yako inaishinda! Herufi nyembamba hazifui dafu pale.

Na kuna sehemu usiyoigusa, ile ya katikati nyuma ya mrushaji. Huachwa nyeusi au kijani iliyokolea ili mpigaji auone mpira mweupe, unaomfikia kwa chini ya nusu sekunde. Mwaka 1920 Ray Chapman, mchezaji wa timu ya Cleveland, alipigwa na mpira kichwani huko New York, akafariki siku iliyofuata, na wengi walisema mpira ulikuwa mchafu, hauonekani vizuri. Aliyetaka niweke nembo ya bia pale nilimsimulia kisa hicho. Akanyamaza.

Siku ya ufunguzi mtangazaji aliwashukuru wachapaji, mafundi, hata wauza soseji. Jina langu halikutajwa. Mke wangu alikuwa ameshika simu tayari kurekodi, akaishusha polepole. Inaniuma hadi leo. Vijana, jina lenu liingie kwenye mkataba! Tumezoea mno "usijali bosi, tuko pamoja", na bosi kweli hajali. Unyenyekevu haulipi kodi ya nyumba. Jina kwenye mkataba, narudia.

Wewe wa Iowa, kabla hujachapa yote, chapa kipande cha mita moja kwa ukubwa wake halisi, mwombe fundi akitundike ukutani, kisha panda viti vya mwisho kabisa ukitazame. Nenda mchana, urudi usiku taa zikiwaka, maana rangi hubadilika. Na malipo ya awali, nusu, yawe yameingia kabla hujawasha kompyuta.