Ziwa limejaa, bahari inapanda: maswali yenu na majibu yangu

Katika toleo lililopita niliandika kwamba kina cha bahari duniani kimepanda kwa takribani sentimita 20 tangu mwaka 1901, na kwamba sababu kubwa ya kasi ya sasa ni joto linalotokana na shughuli za binadamu. Ujumbe ulioingia baada ya hapo ulikuwa mwingi, na sehemu kubwa ilikuwa ya kupinga. Nimefurahi, kwa sababu anayebisha ni mtu aliyesoma. Nimechukua maswali yaliyoulizwa na wengi, nikayafupisha na kuacha majina.

Mwaka 2020 maji yaliingia hadi kwenye banda langu la dagaa, na 2024 yakarudi tena. Je, hiyo ndiyo bahari inayopanda mnayoizungumzia? (Mchuuzi wa dagaa, Igombe)

Pole sana mama yangu. Hapana, hiyo si bahari. Ziwa Victoria lipo takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hata barafu yote ya Greenland na Antaktika ingeyeyuka, bahari ingepanda kama mita 65, na Mwanza isingeguswa hata tone.

Ziwa letu lina hesabu yake. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mito kama Kagera, Mara na Simiyu huleta kilichobaki. Maji mengi hupotea kwa kufyonzwa na jua. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile pale Jinja, Uganda. Vuli ikizidi, halafu masika nayo ikazidi kabla ziwa halijapumua, maji yanapanda na mialo, yaani fukwe za kushushia samaki, inazama.

Nalisisitiza hili kwa sababu hata sisi tunaoamini kwamba tabianchi inabadilika huwa tunachanganya ziwa na bahari tukiwa mbele ya watu. Anayetupinga akilibaini kosa hilo, anakuwa na haki ya kutilia shaka na mengine tuliyosema.

Mimi nilikuwa kijana miaka ya 1961 hadi 1964. Ziwa lilijaa vilevile, na hakuna aliyetaja tabianchi. Hii si mizunguko ya kawaida tu? (Mzee wa Nansio, Ukerewe)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo zito kuliko yote niliyopokea, na nusu yake uko sahihi kabisa.

Mvua za mwishoni mwa 1961 zilikuwa kubwa mno, na hadi mwaka 1964 ziwa lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Halikurudi chini haraka pia. Lilikaa juu kwa miaka mingi. Rekodi ile ya 1964 ilivukwa kidogo tu Mei 2020, kisha ikavukwa tena 2024. Katikati hapo, mwaka 2006, ziwa lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takribani miaka 80, na mitumbwi ikawa inaachwa mbali kwenye tope. Ukirudi nyuma zaidi, kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, ziwa hili lilikauka kabisa. Mamia ya aina za furu, samaki wadogo wa ziwa letu tunaowajua, walitokea baada ya maji kurudi. Kwa hiyo, ziwa hupanda na kushuka kwa nguvu zake lenyewe, na anayesema halikuwahi kufanya hivyo hajui historia ya ufukwe wetu.

Ila mzee wangu, kuwepo kwa sababu ya asili hakuzuii kuwepo kwa sababu ya pili. Mwaka 1961 na mwaka 2019 vilifanana kwa jambo moja: upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani huku kwetu Afrika Mashariki, maji yalikuwa na joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia yakawa baridi. Hali hiyo husukuma mawingu mazito kuja kwetu wakati wa vuli. Ni hali ya asili. Swali ambalo wanasayansi walijiuliza ni hili: je, mvua zilezile zingenyesha kwa kiasi kilekile kama dunia isingekuwa imepata joto?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulilipima jambo hilo kwa ziwa letu hasa. Kati ya mwishoni mwa 2019 na Mei 2020 maji yalipanda kwa zaidi ya mita moja. Watafiti walikadiria kwamba joto lililosababishwa na binadamu limeongeza uwezekano wa kupanda kwa namna ile kwa kama mara 1.8, na kwamba bila joto hilo maji yangepanda kwa sentimita 7 pungufu.

Sentimita 7 kati ya zaidi ya mita moja. Nimeandika takwimu hiyo wazi nikijua kuna mtu ataikata na kuisambaza kama ushahidi kwamba tabianchi ni porojo. Aisambaze pamoja na ile nyingine ya mara 1.8. Mwenye duka lake Kirumba hajali sana mafuriko yamesababishwa na nani kwa sentimita ngapi. Anajali kama yatarudi akiwa bado hajamaliza mkopo. Na uwezekano wa kurudi ndio uliokaribia kuwa maradufu.

Hapa hakuna cha tabianchi. Waganda wamefunga maji Jinja ili wapate umeme. Kwa nini hamsemi? (Mwanafunzi wa chuo, Nyegezi)

Tuseme basi, maana kuna ukweli ndani yake, ila upo upande wa pili. Bwawa la Jinja lilianza kazi mwaka 1954, na lilikuwa na makubaliano ya kuachia maji kwa kiasi ambacho mto ungetoa wenyewe kama bwawa lisingekuwepo. Ziwa liliposhuka 2005 na 2006, wataalamu waliochunguza waliona kwamba karibu nusu ya kushuka kule kulitokana na maji kuachiwa kupita makubaliano. Nusu nyingine ilikuwa ukame. Hapo lawama ilikuwa na msingi.

Kwa mafuriko, chukua kalamu tupige hesabu. Ziwa lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800. Tuseme Jinja wanafungulia mita za ujazo 2,400 kila sekunde, kiasi kikubwa sana. Kwa siku nzima hiyo ni kama mita za ujazo milioni 207. Zigawanye kwenye eneo la ziwa: maji yanashuka kwa milimita 3. Mvua ya siku moja ya milimita 30 ikinyesha ziwa zima, inarudisha maji ya siku 10 za kufungulia. Ndiyo maana hakuna bomba wala lango litakaloliwahi ziwa likiamua kujaa kwa mvua, na ukifungulia kupita kiasi unawazamisha walio chini, pale Ziwa Kyoga.

Barafu ikiyeyuka kwenye glasi, maji hayapandi. Sasa bahari inapandaje? (Mama lishe, Buzuruga)

Jaribio lako ni sahihi, na barafu inayoelea baharini haipandishi maji kwa kiasi cha kutajwa. Inayopandisha ni ile iliyokaa juu ya nchi kavu ikayeyukia baharini, yaani Greenland, Antaktika na milima. Tena maji yakipata joto hutanuka, na bahari nzima ikitanuka kidogo tu, ufukwe unaona. Fanya jaribio la pili: jaza glasi maji, weka barafu kwenye chujio juu yake, usubiri.

Shemeji yangu yuko Pangani, ameishi pale miaka 40, anasema bahari ni ileile. Tumwamini nani? (Fundi seremala, Igoma)

Shemeji yako hasemi uongo. Bahari ya Pangani wakati wa bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 ndani ya siku moja. Ndani ya mwendo huo, nani ataona kwa macho badiliko la sentimita chache lililochukua miaka 40? Ndiyo sababu ya kutumia vipimo vya bandarini, na tangu mwaka 1993 setilaiti zinazopima uso wa bahari duniani kote. Kati ya 1901 na 1971 bahari ilikuwa inapanda kwa wastani wa milimita 1.3 kwa mwaka. Kati ya 2006 na 2018 imekuwa milimita 3.7. Tena haipandi sawasawa kila mahali. Kaskazini mwa Sweden bahari inaonekana kushuka, kwa sababu ardhi yenyewe inainuka baada ya kutuliwa mzigo wa barafu ya kale.

Kwa kuwa umetaja Pangani, acha niseme na hili. Kisiwa cha Maziwe, karibu na hapo, kilikuwa na miti na kasa wakitaga. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Mara nyingi nasikia kikitajwa kama ushahidi wa bahari kupanda. Waliokichunguza wanataja pia kukatwa kwa miti yake, mchanga ukakosa kitu cha kuushika. Tukikitumia kisiwa hicho kana kwamba bahari peke yake ndiyo iliyokimeza, tunatetea ukweli kwa kielelezo kibovu.

Zamani mlisema dunia itapoa, sasa itaungua. Kesho mtasema nini? (Dereva wa bodaboda, Mkolani)

Kaka, miaka ya 1970 yapo magazeti yaliyoandika juu ya kuja kwa baridi kali. Wanasayansi wengi hawakuwa huko. Waliokuja kupitia makala za kitaalamu za mwaka 1965 hadi 1979 walikuta 7 zilizotabiri kupoa na 44 zilizotabiri joto.

Wala jambo lenyewe si la jana. Eunice Foote alionyesha mwaka 1856 kwamba hewa ukaa hushika joto. Svante Arrhenius akapiga hesabu ya joto la dunia mwaka 1896, kabla reli haijafika Mwanza. Mwaka 1958 Charles David Keeling alianza kuipima hewa hiyo Hawaii, akakuta sehemu kama 315 katika kila milioni. Sasa imepita 420. Na wanaosema ni jua: setilaiti zimelipima jua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na nguvu yake haijaongezeka. Lingekuwa jua, hewa ya juu kabisa nayo ingepata joto. Kinyume chake, huko juu kumepoa, na huku chini kumepata joto.

Ukitaka mahali ambapo wanasayansi kweli wanabishana, njoo kwenye mvua zetu. Mahesabu mengi ya kompyuta yanasema Afrika Mashariki itapata mvua zaidi. Lakini masika yalipungua kuanzia miaka ya 1980 hadi baada ya 2000. Hilo ni pengo halisi, linamhusu mkulima wa Magu na wa Misungwi moja kwa moja, na ningependa tubishane juu yake kuliko kurudia ya magazeti ya zamani.

Haya si mapenzi ya Mungu? (Wasomaji kadhaa)

Huenda. Mimi pia nasali. Ila maradhi nayo tunayapeleka kwa Mungu na hospitali siku hiyohiyo, na hakuna anayeona dhambi.

Hii habari ya tabianchi ni kisingizio cha kutuondoa ufukweni. Kweli au si kweli? (Mwenye kibanda cha samaki, Ilemela)

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa, mto au bahari. Ilikuwepo kabla ya mafuriko ya 2020, na ilikuwepo hata ziwa lilipokuwa limeshuka. Kwa hiyo haikutungwa kwa ajili ya kisingizio hiki.

Lakini hofu yako naielewa, na siipuuzi. Futi kamba inayopima mita 60 kwenye kibanda chako lazima ipime mita hizohizo kwenye ukuta wa hoteli. Isipopima, wewe utaona tabianchi ni lugha ya kumwondoa maskini, na mimi sitakuwa na jibu la kukupa.

Kuna kisingizio kingine kinachoniudhi zaidi. Mvua ikinyesha kwa muda wa saa mbili, Mto Mirongo unafurika, nyumba za Mabatini zinaingiliwa na maji, na kesho yake mtu anasimama kusema ni mabadiliko ya tabianchi. Mji wetu umejengwa kwenye vilima vya mawe. Ardhi hainywi maji, yanateremka. Chini yanakuta mtaro umejaa chupa na mifuko, na bonde limejengwa. Mvua kubwa inaweza kuwa imeongezwa na joto la dunia. Mtaro uliozibwa tumeuziba sisi.

Sisi tunachafua nini hadi tubebeshwe mzigo huu? (Mwalimu, Sengerema)

Kidogo sana, mwalimu. Afrika nzima haifikishi asilimia 5 ya hewa ukaa inayotoka duniani kila mwaka, na Tanzania haifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana nchi maskini zilipigania mfuko wa hasara na uharibifu hadi ukakubaliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022. Sasa fikiria mjumbe wetu akae kwenye meza hiyo akidai fedha, huku nyumbani tunatangaza kwamba tatizo lenyewe ni uongo. Atadai fidia ya nini?

Msimu ujao nianike dagaa wapi? (Yuleyule mchuuzi wa Igombe, katika ujumbe wake wa pili)

Mama, muulize mwenye mtumbwi mkongwe hapo mwaloni akuonyeshe maji yalipofika Mei 2024, upigie kigingi. Chanja zote zikae juu ya kigingi hicho, na ukijenga banda jipya, acha nafasi zaidi, kwa kuwa rekodi ile imevunjwa mara mbili ndani ya miaka mitano. Sikiliza utabiri wa vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla hujanunua mbao. Wakitangaza mvua juu ya wastani, na ziwa tayari liko juu, hamisha mzigo mapema, usingoje maji yafike mlangoni.